Milima ya Uluguru naiona kila siku, ila picha zangu haziifikii: tatizo liko wapi?

Maghorofani aliuliza:

Ndugu zangu wapiga picha, salaam.

Ninaishi Kihonda, Manispaa ya Morogoro, na kila nikifungua mlango asubuhi Milima ya Uluguru iko mbele yangu. Nina simu yenye kamera nzuri kiasi, na hivi karibuni nimenunua kamera ya mtumba pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Sina gari, na kazi yangu hainiruhusu kusafiri, kwa hiyo habari za kwenda Ngorongoro au Lushoto kufuata mandhari nimeziweka kando. Ninachotaka ni kujifunza kupiga mandhari ya hapahapa, katika maeneo ninayoweza kuyafikia kwa bodaboda au kwa miguu na kurudi kabla ya saa za kazi.

Shida yangu ni kwamba mlima ambao kwa macho umeziba upande mzima wa anga, kwenye picha hugeuka kuwa kituta cha buluu hafifu kilicholala nyuma ya mapaa ya mabati na nyaya za umeme. Mikunjo ya mabonde haionekani, msitu wa juu hautofautiani na mashamba ya chini, na anga lote huwa jeupe. Nilipojaribu kuongeza rangi kwa programu ya kuhariri, nilipata majani ya kijani ambacho sijawahi kukiona Morogoro wala kwingineko.

Naomba kufahamishwa kama kasoro hii inatokana na vifaa, na kama sivyo, ni saa gani na miezi gani milima hii inakubali kupigwa picha. Ningeshukuru pia kuelekezwa mahali pa kusimama karibu na mji, hasa pale ambapo mtu hatafukuzwa na mlinzi.

Kiberenge alijibu:

Ndugu Maghorofani, vifaa ulivyo navyo vinatosha kabisa. Kinachokuangusha kwanza ni upana wa lenzi, na jambo hili linaonekana vizuri zaidi kwa hesabu kuliko kwa maneno.

Kilele cha Lupanga kina mita 2,138 juu ya usawa wa bahari, nao mji uko kwenye takriban mita 500. Unatazama ukuta wa zaidi ya mita 1,600, lakini kutoka Kihonda kilele hicho kiko umbali wa kilomita kama 12. Kwa umbali huo, mlima mzima kuanzia chini hadi kileleni unachukua takriban nyuzi 8 tu kwenda juu. Kamera kuu ya simu, ukiilaza, huona karibu nyuzi 50 kwa wima. Kwa hiyo mlima unapewa sehemu moja kati ya sita ya kimo cha picha, na sehemu tano zinazobaki zinagawiwa anga, mabati na nyaya. Mtu anapotazama kwa macho hupuuza vitu hivyo bila kujua. Kamera haina upendeleo wa namna hiyo. Na ukibonyeza ile nusu, yaani lenzi pana kabisa ya simu, ndipo unaumaliza mlima kabisa.

Vuta lenzi ya kamera yako hadi milimita 55. Kama ni kamera yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo ya aina ya APS-C, kama zilivyo nyingi zinazouzwa na lenzi hiyo, utaona takriban nyuzi 16 kwa wima, na mlima huohuo sasa utachukua nusu ya picha bila wewe kupiga hatua hata moja. Kwenye simu tumia lenzi ya mara mbili au mara tatu, mradi iwe lenzi halisi. Ile ya kukuza kwa programu hukata picha tu na kuacha chembechembe.

Ukitaka safu nzima kuanzia kushoto hadi kulia, usirudi kwenye lenzi pana. Isimamishe kamera wima, baki kwenye milimita 55, piga picha kadhaa kutoka upande mmoja hadi mwingine, kila moja ikirudia kama theluthi ya iliyotangulia, kisha ziunganishe kwa programu. Kabla ya kuanza, funga kiwango cha mwanga na mahali pa kulenga, la sivyo kila kipande kitakuja na anga lake na kuunganisha kutakuwa taabu.

Nakutahadharisha pia usidhani kwamba kusogea karibu ndiko kutakakousaidia mlima uonekane mkubwa. Ukifika Kilakala, vilima vya chini huanza kuficha vilele. Umbali wa Kihonda ni mzuri. Inafaa utafute uwazi usio na nyaya tu.

Dada wa Mzumbe alijibu:

Nakubaliana na ndugu Kiberenge, lakini lenzi ndefu peke yake itakupa kituta kikubwa cha buluu hafifu badala ya kidogo. Mikunjo ya mabonde unayoililia inatengenezwa na kivuli, na kivuli kinategemea jua limekaa upande gani wa mlima. Hapa Morogoro jambo hilo hubadilika sana kati ya Juni na Desemba, ingawa watu wengi wanaamini kwamba kwetu karibu na ikweta jua ni lilelile mwaka mzima.

Mji wetu uko takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, na uko upande wa kaskazini wa milima. Mwezi Juni jua la adhuhuri hupita kaskazini mwetu, karibu nyuzi 30 kutoka utosini, hivyo uso wa mlima unaotuelekea hupata mwanga. Mwezi Desemba hupita kusini kwa nyuzi 17 hivi, yaani upande wa mlima, na ule uso tunaoutazama hubaki na mwanga dhaifu. Picha ya adhuhuri ya Desemba kutoka Kihonda haiokoleki kwa programu yoyote.

Asubuhi tofauti ni kubwa zaidi. Kutoka kwako, Lupanga iko kusini mashariki. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza mashariki likiwa limeegemea kaskazini, kwa hiyo mwanga wake unaupiga mlima kutoka ubavuni, kushoto kwako, karibu kwa pembe mraba na uelekeo wa kamera. Kila mgongo wa mlima hung'aa upande mmoja na kila bonde huingia kivulini, na hapo ndipo utaona kwamba ule ukuta mmoja uliouzoea ni migongo mingi iliyopangana. Desemba jua huchomoza likiwa limeegemea kusini, karibu na mlima wenyewe, na unajikuta unapiga picha ya giza dhidi ya mwanga. Hilo nalo lina uzuri wake kwa anayetaka umbo la mlima tupu bila maelezo ya ndani, lakini si kile unachokiomba.

Mwezi huu wa Juni, basi, ndio wako. Jua huchomoza muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na huchukua chini ya nusu saa kupanda nyuzi 6 za kwanza, ambazo ndizo zenye rangi ya dhahabu na vivuli virefu. Tukilinganisha na nchi za mbali na ikweta, ambako jua hupanda kwa mshazari na mwanga huo hudumu kwa muda mrefu, sisi hatuna nafasi ya kuchelewa: uwe umeshasimama, kamera imeshalengwa, kabla jua halijatokeza. Usingoje saa tatu, kwani mara nyingi wakati huo mawingu yanaanza kujikusanya vileleni. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi hupandishwa na milima hii, unyevu wake hupoa, na wingu hutengenezwa palepale juu ya msitu.

Jioni hamia upande wangu. Kutoka Mzumbe, au kandokando ya Bwawa la Mindu, unatazama mashariki na jua linazama nyuma yako. Vivuli ni vichache kwa sababu mwanga unaingia usoni, lakini rangi ya miamba na ya nyasi kavu hujitokeza vizuri sana, na pale Mindu siku isiyo na upepo maji hukupa mlima wa pili bila gharama.

Mzee wa Tungi alijibu:

Wanangu, mmeeleza mlima na mmeeleza jua. Ngoja nieleze kilicho mbele ya mlima, kwa maana picha nyingi za Uluguru ninazoziona zimejaa mlima na hazina mahali pa jicho kuanzia.

Upande wa Tungi na Kingolwira, kwenye njia ya Dar es Salaam, kuna mashamba ya mkonge ambayo mistari yake imenyooka kuelekea upeo wa macho. Kutoka huko milima iko kusini magharibi. Simama kwenye kijia kinachotenganisha vitalu, shusha kamera hadi usawa wa goti, na acha mistari ya mkonge ikupeleke yenyewe hadi kwenye safu ya milima. Asubuhi ya Juni majani ya mkonge huwa na umande, na ncha zake nyeusi huonekana moja moja kana kwamba zimechorwa kwa wino. Mkonge uliozeeka hutoa bua refu la maua linalopita kimo cha mtu mara kadhaa. Bua moja lililosimama peke yake upande mmoja wa picha linampa mtazamaji kipimo cha ukubwa wa kila kilicho nyuma yake. Kwa kazi hii ndipo lenzi yako inapofaa kurudishwa kwenye milimita 24 au 28, na tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa dogo, f/8 au f/11, ili cha karibu na cha mbali vyote viwe na ukali. Lenga kitu kilicho hatua chache mbele yako, usilenge kilele.

Sasa kuhusu mlinzi. Mashamba haya yana wenyewe, na mtu mwenye kamera na stendi alfajiri akiwa katikati ya vitalu lazima aulizwe. Nenda siku moja mchana bila kamera, msalimie mlinzi wa getini, umwombe akuelekeze kwa msimamizi, ueleze unachotaka kupiga na saa utakayokuja. Mara nyingi utaruhusiwa, na siku ukija tena mlinzi ndiye atakayekuonyesha kitalu ambacho hakijavunwa. Vivyo hivyo kwa mashamba ya wanakijiji: ukitaka kuingia kwenye bustani ya mtu, unabisha hodi hata kama hakuna mlango. Mama anayechota maji au kijana anayelima si sehemu ya mandhari kama ulivyo mti. Akiwa mdogo na hatambuliki kwenye picha ni jambo moja, lakini ukimsogelea ni lazima umwombe kwanza.

Neno jingine, na mniwie radhi kama nimetoka kidogo. Mwanga wa ubavuni aliousema Dada wa Mzumbe hautaonyesha mabonde tu, utaonyesha pia mashamba yaliyopanda mlimani na mahali yanapokutana na msitu. Kwa upande wa Mgeta utakuta matuta ya ngazi. Wakoloni walipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya namna hiyo, watu waligoma, na mwaka 1955 zikatokea vurugu kubwa huku milimani. Anayepiga picha za milima hii kama pori lisilo na mtu anapiga kitu ambacho hakipo. Ule mpaka wa shamba na msitu ni sehemu ya sura ya Uluguru, na kwa macho yangu ndiyo sehemu ya kuvutia zaidi.

Lenzi Kuukuu alijibu:

Hakuna aliyemjibu mwenzetu kuhusu ule weupe wa anga na ile buluu hafifu, na hilo ndilo linalokatisha tamaa watu wengi.

Weupe wa anga hutokea kwa sababu kamera imepima mwanga wa mlima ulio gizani na kuacha anga lipitilize. Kwenye simu, gusa sehemu angavu ya anga, shikilia hadi kipimo kifungwe, kisha shusha mwanga kidogo. Picha itaonekana ya giza, lakini giza hilo lina taarifa ndani yake na unaweza kulifungua baadaye. Weupe uliopitiliza hauna kitu cha kufunguliwa. Kwenye kamera, piga kwa faili ghafi, yaani RAW, badala ya JPEG ambayo kamera imeshaibana, ili uwe na nafasi ya kutosha wakati wa kuhariri. Na unapohariri, acha kitelezi cha kukoleza rangi zote kwa pamoja, kwani ndicho kilichokupa hayo majani ya ajabu. Anza na utofauti wa mwanga na giza kwenye eneo la mlima peke yake.

Buluu hafifu ni hewa. Kati yako na Lupanga kuna kilomita 12 za unyevu, vumbi na moshi, na kuanzia Julai hadi Oktoba watu wanapochoma mashamba hali huwa mbaya zaidi. Chujio la polarizer, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mng'ao wa hewa, litakusaidia kwa kiasi, na kwa bahati nzuri linafanya kazi vizuri zaidi jua likiwa ubavuni kwa pembe mraba, ambayo ndiyo hali ya asubuhi za Juni kutoka Kihonda. Lakini dawa ya kweli ni mvua. Mvua ikinyesha usiku na asubuhi ikapambazuka kavu, hewa huwa imeoshwa, na utaona mti mmoja mmoja kwenye ukingo wa msitu. Kama mtu ana asubuhi chache tu kwa mwaka, mimi ningemshauri azitumie zote baada ya mvua za masika na za vuli, na miezi ya moshi aiache ipite.

Dada wa Mzumbe alijibu:

Hapo kwenye miezi ya moshi ninatofautiana na ndugu Lenzi Kuukuu. Ushauri wake ni sahihi kwa anayetaka kuhesabu miti. Lakini ukungu na moshi ndivyo vinavyotenganisha mgongo mmoja wa mlima na mwingine. Agosti na Septemba, ukitazama mlima asubuhi na mapema jua likiwa upande wa mbele yako badala ya ubavuni, mgongo wa karibu huwa mweusi, unaofuata kijivu, wa tatu hafifu zaidi, na kadhalika hadi wa mwisho uliokaribia kuyeyuka angani. Hewa safi ya baada ya mvua huibandika migongo hiyo yote pamoja. Kwa picha ya namna hiyo tumia lenzi ndefu kuliko zote ulizo nazo, usijali rangi, na fikiria hata kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe.

Ningependa tu tukubaliane kwamba hali ya hewa haichaguliwi kwanza. Unatazama nje, unaona hewa ya siku hiyo, ndipo unaamua ni picha gani utaitafuta. Hii ndiyo faida ambayo mkazi wa Kihonda anayo na mgeni wa siku mbili hana.

Maghorofani alijibu:

Nawashukuru sana, na Mzee shikamoo. Suala la nyuzi 8 limenifungua macho, kwani nilikuwa nimeanza kuwaza kununua lenzi pana zaidi.

Leo nimepiga kwa milimita 55 kutoka kwenye kiwanja kilicho wazi nyuma ya nyumba tunazoishi, dakika chache baada ya jua kuchomoza. Mabonde yameonekana kwa mara ya kwanza, hasa lile refu linaloshuka upande wa kushoto wa kilele, ingawa kona ya chini imeingia paa moja la bati linalong'aa kuliko mlima. Je, nilikate kwa kuhariri au nitafute mahali pengine? Pia nauliza kama stendi ni ya lazima kwa asubuhi, na kama kuna yeyote aliyewahi kurusha droni maeneo haya au kupanda Morningside kule mlimani kwa ajili ya picha.

Kiberenge alijibu:

Likate paa, lakini kesho sogea kushoto au kulia hadi lipotee lenyewe nyuma ya mti au ukuta. Kila unachokikata kwenye picha ya milimita 55 unakilipia kwa ukubwa wa picha ukitaka kuichapisha.

Stendi si ya lazima jua likishatoka. Kabla ya hapo, kwenye ule mwanga wa alfajiri, kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, itakuwa ya taratibu kiasi ambacho mkono hauwezi kuvumilia, hivyo tumia stendi, na upige kwa kuchelewesha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera. Ukiwa na stendi ya bei nafuu, usiinyanyue ile nguzo ya katikati, na ning'iniza begi lako chini yake kama kuna upepo.

Droni ni shughuli yenye taratibu zake. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA, na pembezoni mwa mji wetu kuna maeneo ya jeshi ambayo hata kamera ya mkononi haipaswi kuelekezwa. Kwa mtu anayejifunza mandhari, ningesema iache kwanza.

Morningside panda, tena kwa miguu. Lile jengo la zamani la Wajerumani linafikika ndani ya asubuhi moja kwa anayetembea vizuri, na njiani unapita kwenye bustani za mboga na migomba ambazo zenyewe ni picha. Kumbuka tu kwamba kutoka kule unatazama kaskazini, mji na tambarare ya Tungi vikiwa chini yako, kwa hiyo hesabu zote za Dada wa Mzumbe zinapinduka: mwezi Juni jua la mchana litakuwa mbele yako, na mwezi Desemba litakuwa nyuma. Ukitaka kuendelea juu na kuingia msituni, ujue unaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na inabidi upite kwanza ofisini kwao mjini kwa ajili ya kibali na kiingilio.

Mzee wa Tungi alijibu:

Marahaba, mwanangu. Siku ukiwa tayari kuja kwenye mkonge, epuka siku ambazo matrekta yanasomba majani, kwa sababu vumbi la vijia hukaa hewani asubuhi nzima. Muulize mlinzi, atakwambia wanavuna kitalu gani wiki hiyo, na wewe uende upande wa pili.